Bwana Juu, Askari Chini: Sanamu ya Wissmann na Mjadala wa Kung'oa Kumbukumbu

Utangulizi

Mijadala kuhusu sanamu za wakoloni huendeshwa aghalabu kama kesi yenye mshtakiwa mmoja. Kuna wanaodai kwamba aliyewekwa juu ya kitako ang'olewe kwa sababu alikuwa mwuaji na mnyang'anyi. Kuna wanaosisitiza aachwe alipo kwa sababu yeye ni sehemu ya historia, na historia haifutiki kwa nyundo. Kati ya pande hizo wamo wapenda suluhu, ambao hushauri ahamishiwe makumbusho au abandikiwe kibao cha maelezo. Mgawanyiko huu ulidhihirika mwaka 2015 katika Chuo Kikuu cha Cape Town, sanamu ya Cecil Rhodes ilipoondolewa. Ulidhihirika tena mwaka 2020 mjini Bristol, Uingereza, waandamanaji walipoiangusha sanamu ya Edward Colston, mfanyabiashara ya watumwa, na kuitumbukiza bandarini.

Makala hii inachunguza mfano wa awali zaidi, ambao unaihusu pwani ya Afrika Mashariki moja kwa moja. Huo ni mfano wa sanamu ya Hermann von Wissmann, iliyozinduliwa Dar es Salaam mwaka 1909 na kuangushwa na wanafunzi mjini Hamburg, Ujerumani, mwaka 1968. Hoja inayotetewa ni kuwa sanamu hiyo ni matini yenye wahusika wawili, na kwamba pande zote za mjadala zimemsoma mhusika wa juu na kumpuuza wa chini. Mhusika huyo wa chini ni askari Mwafrika asiye na jina. Kumwangusha bwana bila ya kumsoma askari ni kazi iliyoachwa nusu. Fasihi ya Kiswahili, ambayo ilimfahamu askari huyo kabla hajamiminwa katika shaba, ina mchango wake katika kuikamilisha kazi hiyo.

Sanamu kama matini

Kuichukulia sanamu kama matini si kulazimisha istilahi za fasihi mahali zisipohusika. Sanamu ya hadharani ina mtunzi, ina mgharimiaji, ina hadhira inayolengwa, na ina mpangilio wa sehemu unaomwelekeza mtazamaji jinsi ya kuisoma. Hii ya Wissmann ilitengenezwa na mchongaji Adolf Kürle. Juu ya kitako kirefu amesimama Wissmann mwenyewe, amevaa mavazi ya safari na kofia ya jua, mkono uko kwenye upanga, na macho yanatazama mbali. Chini yake, penye kitako, yupo askari. Anaiteremsha bendera ya Wadachi juu ya simba aliyeuawa, na wakati huo huo ameuinua uso wake kumtazama bwana.

Jambo la kwanza la kuzingatiwa ni mitazamo. Askari anamtazama Wissmann, lakini Wissmann hamtazami askari. Anatazama upeo wa macho, yaani nchi ambayo bado haijatwaliwa. Mtazamo wa askari unakwenda juu na kuishia hapo. Kwa hiyo mtazamaji anayepita barabarani anaelekezwa na askari kumtazama bwana, na huyo askari anageuka kuwa kidole cha kuonyeshea tu.

Jambo la pili ni simba. Katika sitiari za Kiswahili shujaa huitwa simba, na hadhira iliyolelewa katika sitiari hizo isingekosa kutambua ni nani aliyelala pale. Wissmann (1853–1905) alitumwa pwani mwaka 1889 akiwa kamishna wa dola ya Wadachi ili kuyazima mapambano yaliyoongozwa na Abushiri bin Salim al-Harthi wa Pangani na Bwana Heri wa Saadani. Abushiri alinyongwa Pangani mwezi Desemba mwaka huo huo. Hata hivyo, simba wa shaba hana jeraha linaloonekana kuwa la vita vya watu, wala hana mfanano na binadamu yeyote. Vita vimegeuzwa kuwa uwindaji. Aliyeshindwa amenyimwa hata hadhi ya kuwa adui.

Jambo la tatu, ambalo ndilo zito zaidi, ni mgawanyo wa vitendo. Wissmann hafanyi lolote, amesimama tu. Anayetenda ni askari. Ndiye anayeishika bendera, na ndiye anayemfunika simba. Iwapo sanamu hii ingefasiriwa kama sentensi, Wissmann angekuwa kiima na askari angebeba kitenzi. Hapo pana ukweli ambao yamkini waliogharimia sanamu hawakuukusudia, nao ni kwamba utawala uliosifiwa kuwa kazi ya mtu mmoja ulitendwa kwa mikono ya wengine. Sehemu kubwa ya jeshi la awali la Wissmann ilikuwa ya Wasudani walioandikishwa Misri, pamoja na wanaume kutoka kusini mwa Msumbiji. Hawakuwa wenyeji wa Mrima. Sanamu inazifuta tofauti hizi zote na kumleta Mwafrika mmoja asiye na kwao, anayesimamia bara zima.

Safari ya sanamu

Maana ya sanamu hii haikutulia mahali pamoja, kwa sababu sanamu yenyewe haikutulia. Waingereza walipouteka mji wa Dar es Salaam mwaka 1916, waliing'oa na kuipeleka London kama nyara. Aliyeing'oa mara ya kwanza, basi, hakuwa mtawaliwa bali mkoloni mshindani. Tukio hili hupitwa haraka katika masimulizi mengi, ilhali linafunza jambo la msingi. Kuondolewa kwa sanamu si ukombozi kwa lazima. Waliokuwa wakitazama kutoka kando ya barabara walimwona bwana mmoja akishushwa ili nafasi ichukuliwe na mwingine.

Baada ya vita sanamu ilirudishwa Ujerumani, na mwaka 1922 ikasimamishwa mbele ya chuo kikuu cha Hamburg. Mahali hapo hapakuwa pa kubahatisha. Chuo hicho, kilichoanzishwa mwaka 1919, kilitokana kwa kiasi kikubwa na Taasisi ya Kikoloni iliyofunguliwa mwaka 1908 ili kuwaandaa maofisa na wafanyabiashara wa makoloni. Ni katika taasisi hiyo ambapo Carl Meinhof, mtaalamu wa lugha za Kibantu, aliajiriwa mwaka 1909, mwaka ule ule Wissmann aliposimamishwa Dar es Salaam. Kufikia 1922 Ujerumani haikuwa na koloni hata moja. Sanamu iliyotangaza utawala ikawa sanamu ya kuulilia utawala uliopotea, na katika kipindi cha Wanazi ikawa ya kuudai urudi. Mwaka 1935 iliongezewa jirani, sanamu ya Hans Dominik, ofisa aliyejulikana kwa ukatili wake nchini Kamerun.

Wakati wa Vita Vikuu vya Pili sanamu ya Wissmann ilianguka kutokana na mashambulizi ya ndege. Ilikuwa nafasi ya kuiacha chini. Mwaka 1949 ilisimamishwa tena. Anayesema kuwa sanamu iliachwa hapo na historia hana budi kukumbushwa mwaka huo. Kulikuwa na watu waliokaa, wakaamua, wakatafuta nyenzo, na kuinyanyua.

Mwaka 1967 wanafunzi wenye siasa za mrengo wa kushoto walianza majaribio ya kuiangusha. Usiku wa 31 Oktoba 1968 walifaulu kuziangusha zote mbili, ya Wissmann na ya Dominik. Wakuu wa chuo hawakuzisimamisha tena, na shaba ikahifadhiwa katika ghala la kituo cha kuchunguzia nyota kilichoko Bergedorf, nje kidogo ya mji. Mnamo 2004 na 2005 msanii Jokinen aliitoa sanamu ya Wissmann ghalani na kuiweka kwa muda bandarini Hamburg, huku akiwaalika wananchi watoe rai kuhusu hatima yake. Katika maonyesho ya Makumbusho ya Historia ya Ujerumani mjini Berlin, yaliyofunguliwa mwaka 2016, ilionyeshwa ikiwa imelala.

Hoja za mjadala

Hoja ya kwanza, ile ya kuilinda sanamu kwa jina la historia, ndiyo iliyo dhaifu zaidi. Sanamu haisimulii yaliyotokea. Inatoa hukumu juu ya yaliyotokea, kisha inaificha hukumu hiyo katika ukubwa na urefu. Mtu angeweza kuitazama ya Wissmann mwaka mzima asijue kwamba palikuwa na mtu aliyeitwa Abushiri. Isitoshe, mwandishi Robert Musil aliwahi kueleza kuwa mazoea huifanya sanamu isionekane, watu wakaipita kila siku bila ya kuiona. Ikiwa hivyo ndivyo, basi Wissmann alionekana zaidi usiku alioanguka kuliko katika miaka yote aliyosimama.

Hoja ya pili, ya kung'oa, ina nguvu ya kimaadili isiyokanika. Wanafunzi wa 1968 walikisema hadharani kile ambacho wakubwa wao walikinyamazia, yaani kwamba chuo kikuu chao kilikuwa na mizizi katika ukoloni. Walihatarisha masomo yao kwa ajili hiyo. Hata hivyo, mhakiki hana budi kuuliza waliisoma vipi matini waliyoiangusha. Kwao Wissmann alikuwa kiwakilishi cha ubeberu kwa jumla, na vita vya Vietnam vilikuwa karibu zaidi na mawazo yao kuliko Pangani. Mapambano yalikuwa baina ya vijana wa Kijerumani na wazee wa Kijerumani. Askari naye akapelekwa ghalani pamoja na bwana wake, bila ya mtu kuuliza kama yeye pia alihukumiwa, na kwa kosa gani.

Hoja ya tatu, ya kuhifadhi na kufafanua, ndiyo inayopendwa zaidi na wasomi, na kwa hakika kumlaza Wissmann makumbushoni ni usomaji mzuri. Kumlaza kunavuruga ule mpangilio wa mitazamo uliotajwa hapo juu, kwani bwana hana tena upeo wa kuutazama. Lakini ufafanuzi huu nao una mpaka wake. Kibao cha maelezo humweleza Wissmann alikuwa nani, alizaliwa lini na aliua wapi. Askari huelezwa kwa neno moja tu, "askari", ambalo Wajerumani walilichukua kutoka Kiswahili na kulitumia bila ya kulifasiri. Neno hilo limekuwa likitumika mahali pa jina kwa zaidi ya karne moja.

Askari katika fasihi ya Kiswahili

Waliowahi kumtazama askari kutoka chini walimsawiri kwa namna tofauti kabisa. Utenzi wa Vita vya Wadachi Kutamalaki Mrima, uliotungwa na Hemedi bin Abdallah el-Buhriy na kuhaririwa na J.W.T. Allen, unahusu vita vile vile ambavyo sanamu inavisherehekea. Mwaka unaotajwa katika anwani yake ni 1307 wa Hijra, yaani 1889 hadi 1890. Anwani yenyewe inastahili kuchunguzwa. Kitenzi "kutamalaki" hakimaanishi kutuliza wala kustaarabisha. Maana yake ni kutwaa na kumiliki. Kile ambacho shaba ya 1909 ilikiita ushujaa, mshairi alikuwa ameshakipa jina lake sahihi.

Tofauti ya pili ni ya utanzu. Utenzi wa vita katika mapokeo ya Kiswahili ni utanzu wa sauti nyingi. Unaanza kwa dua, unajenga mabishano, unawapeleka wajumbe na barua, unawapa maadui nafasi ya kusema, na kwa kawaida mtunzi hujitaja. Sanamu haina mabishano. Imechukua dakika moja ya ushindi na kuigandisha. Kwa hiyo, palipokuwa na vita vimoja, palizuka aina mbili za kumbukumbu: moja inayohitaji kitako, shaba na polisi wa kuilinda, na nyingine inayohitaji msomaji na msikilizaji. Ya kwanza imeangushwa. Ya pili ingali inasomwa katika vyuo vikuu vya Afrika Mashariki.

Si vyema, hata hivyo, ulinganishi huu ukageuzwa kuwa sifa tupu. Miongoni mwa mashairi ya pwani ya wakati huo yamo yaliyowasifu Wadachi na kuwatukuza viongozi wao. Carl Velten, aliyekuwa mkalimani wa utawala huo mjini Dar es Salaam, aliyakusanya na kuyachapisha baadhi yake. Kiswahili nacho, kwa maana hiyo, kilijenga vitako vyake. Aidha, baadhi ya wakuu wa pwani waliopambana walikuwa wakitetea pia biashara ya misafara na utumwa ulioambatana nayo, na watu wa bara waliotekwa wangeweza kuwa na utenzi wao tofauti, kama wangepata wa kuutunga. Uhakiki unaotaka kumhukumu Wissmann kwa haki hauna sababu ya kuyaficha haya. Uovu wa mtekaji haumtakasi kila aliyetekwa.

Askari ndiye mhusika anayeuonyesha utata huu waziwazi. Katika tamthilia ya Kinjeketile ya Ebrahim Hussein, iliyochapishwa mwaka 1969, yaani mwaka mmoja tu baada ya sanamu kuanguka Hamburg, utawala wa Wadachi unaonekana kwa wanakijiji kwanza kupitia kwa Waafrika wanaoutumikia, akina mnyapara na askari. Mzungu yuko nyuma, na kiboko kiko mbele. Hofu ya wanakijiji ina uso unaofanana na wao, na ndiyo maana kuungana kwao ni kugumu. Mtazamaji wa tamthilia hii hawezi kumkubali askari kama sanamu inavyomtaka amkubali, yaani mtumishi mwaminifu. Wakati huo huo hawezi kumkubali kama wale wanaomtaka awe mwathiriwa tu, asiye na dhima yoyote. Alitumwa, lakini pia alitenda.

Mwishoni mwa tamthilia, Kinjeketile anakataa kuutangaza uwongo wa maji mbele ya watesi wake, kwa kuwa anajua kwamba vizazi vijavyo vingeambiwa kuwa mapambano yenyewe yalikuwa makosa. Kwa lugha ya mjadala huu, Kinjeketile anagombania kumbukumbu. Anafahamu kuwa baada ya vita vya bunduki huja vita vya nani atasimulia, na kuwa katika vita hivyo mfungwa anaweza kumshinda mlinzi wake. Hana shaba wala kitako. Ana neno tu, na analilinda.

Suala la jina

Yamkini itadaiwa kwamba dawa ya kasoro iliyoelezwa ni rahisi, yaani askari apewe sanamu yake mwenyewe. Historia inaonyesha kuwa dawa hiyo ilishajaribiwa na haikuponya. Mnamo 1939 wakati wa utawala wa Wanazi, kambi ya jeshi huko Jenfeld, Hamburg, ilipambwa kwa michoro ya kuchongwa iliyotengenezwa na Walter von Ruckteschell, ambaye alipigana katika jeshi la Wadachi Afrika Mashariki. Humo mna askari na wapagazi, wakiandamana nyuma ya Mzungu. Wanaonekana wazi, na hata wana heshima fulani ya kijeshi. Lakini heshima hiyo imetolewa kwa sharti moja, kwamba wawe waaminifu. Mwaka 2003 michoro hiyo ilipowekwa katika bustani iliyopewa jina la Tanzania, yalizuka malalamiko makali. Waliounga mkono waliitaja kuwa ishara ya urafiki baina ya mataifa, na waliopinga walisema kuwa ni ngano ya kikoloni iliyovishwa vazi jipya. Waziri Mkuu wa Tanzania wa wakati huo, Frederick Sumaye, aliyetarajiwa kuhudhuria ufunguzi, hatimaye hakuhudhuria.

Waingereza nao walifanya vivyo hivyo kwa mtindo wao. Mwaka 1927 walimsimamisha Dar es Salaam askari wa shaba aliyeshika bunduki yenye singe, kazi ya mchongaji James Alexander Stevenson. Mjini Nairobi, katika barabara ambayo leo inaitwa Kenyatta Avenue, yapo makumbusho ya aina hiyo hiyo yenye watu watatu, na mmoja wao ni mpagazi. Hapa hapana bwana juu. Maandishi yaliyochongwa chini, ya Kiingereza na ya Kiswahili, yanawaahidi wapiganaji kuwa hata wakifa watoto wao watayakumbuka majina yao. Ahadi hiyo imeandikwa mahali ambapo hapana jina hata moja. Kejeli ya matini hii inamtosha mhakiki yeyote, wala haihitaji kuongezwa chumvi. Ni mara chache ambapo maandishi yamejipinga yenyewe kwa ukamilifu kiasi hicho.

Upungufu huo haukuwa wa sanamu peke yake. Mwaka 2021 Tume ya Makaburi ya Vita ya Jumuiya ya Madola ilikiri katika ripoti yake kuwa watu wasiopungua 116,000, na huenda wakafikia 350,000, waliokufa katika Vita Vikuu vya Kwanza hawakukumbukwa kwa majina, au hawakukumbukwa kabisa. Wengi wao walikuwa Waafrika wa mashariki na Wamisri. Wapagazi wa Afrika Mashariki walioacha alama waliiacha katika majina ya mitaa, Kariakoo mjini Dar es Salaam na Kariokor mjini Nairobi, yote mawili yakiwa ni matamshi ya Kiswahili ya jina la Kiingereza la kikosi chao. Wananchi waliyahifadhi kwa kinywa yale ambayo serikali haikuyahifadhi kwa shaba. Hata hivyo, mitaa hiyo inakitaja kikosi, haimtaji mtu.

Dhidi ya kumbukumbu hizi kubwa pana moja ndogo sana. Bayume Mohamed Husen alizaliwa Dar es Salaam mwaka 1904, akaingia katika jeshi la Wadachi akiwa mtoto, kisha akahamia Berlin mwaka 1929. Huko alidai malipo ya utumishi wake na wa baba yake, na akaomba nishani ya vita. Alinyimwa. Aliigiza katika filamu, na alifundisha Kiswahili chuo kikuu. Wanazi walimfunga katika kambi ya Sachsenhausen, na humo akafa mwaka 1944. Mwaka 2007 jiwe dogo la shaba nyeupe lenye jina lake lilitiwa katika njia ya miguu mbele ya nyumba aliyowahi kuishi Berlin. Mpita njia halazimiki kuinua uso ili alisome. Analazimika kuinama. Mtazamo ule wa askari wa Kürle, uliokwenda juu kwa bwana, umegeuzwa.

Hatua nyingine ilichukuliwa mwaka 2021, mtaa wa Wissmann katika wilaya ya Neukölln, Berlin, ulipopewa jina la Lucy Lameck, mwanasiasa wa Tanzania na mwanamke wa kwanza kushika wadhifa katika serikali ya nchi hiyo. Katika kisa hiki cha pili waliofuta jina waliandika lingine. Mwaka 1968 Hamburg ilibaki na nafasi tupu. Neukölln ilipata jina ambalo mtoto wa shule anaweza kuuliza ni la nani.

Hitimisho

Makala hii haikukusudia kupinga kung'olewa kwa sanamu za wakoloni. Hakuna hoja ya maana inayoweza kutetea kusimamishwa tena kwa Wissmann mahali popote, na 1949 inatosha kuwa onyo. Kilichobainishwa ni kwamba kuangusha ni usomaji, na kama usomaji wowote, unaweza kuwa wa juujuu au wa kina. Usomaji wa juujuu humwona bwana tu, kama sanamu yenyewe ilivyotaka. Usomaji wa kina humfikia askari, humhoji kwa aliyoyatenda, na humdai jina lake.

Mnamo Novemba 2023 Rais wa Ujerumani, Frank-Walter Steinmeier, aliomba msamaha mjini Songea kwa yaliyotendwa katika Vita vya Maji Maji. Maneno hayo yalikuwa na uzito, kwa sababu yalisemwa mahali penye makaburi na mbele ya jamaa za waliouawa, ambao majina ya wazee wao yanajulikana. Hapo ndipo panapoonekana kipimo ambacho sanamu zote zilizochunguzwa zimekishindwa. Sanamu ya Nairobi haina budi kupimwa kwa kipimo hicho hicho. Ikiwa itaachwa ilipo, ahadi iliyochongwa juu yake itekelezwe, na majina ya waliokufa yakusanywe na kuandikwa, pamoja na maelezo ya jinsi wengi walivyokamatwa na kupelekwa vitani bila ya hiari yao. Ikiwa haitatekelezwa, wanaotaka iondolewe watakuwa na haki ya kuiita uwongo wa hadharani.

Idara za Kiswahili haziwezi kuitazama kazi hiyo kama ya wanahistoria peke yao. Taaluma ya Kiswahili ilifundishwa Hamburg katika chuo ambacho mlango wake ulilindwa na Wissmann, na wataalamu wake waliingia na kutoka mbele ya askari aliyekuwa akizungumza lugha waliyoichunguza. Walizikusanya ngeli zake, methali zake na mashairi yake. Jina lake hawakuliuliza.